Ulinikana kwa Spika

"Chagua mama, chagua dada! Nguo za Ulaya, jasho la mwenyewe limeshakauka!"

Jumamosi ile soko la Bagamoyo lilifurika mpaka muuza mitumba akapanda juu ya meza yake mwenyewe, maana chini hapakuwa na pa kuweka mguu. Watu walipekua rundo lake kama kuku jaani. Humo humo ndani ya rundo, mikono miwili isiyojuana ikashika pazia moja.

Na pazia lenyewe lilistahili kugombewa. Mahameli mazito, rangi ya damu ya mzee, na mashada ya dhahabu kwenye ncha. Upande mmoja alilivuta Mwanamvua, fundi cherehani wa Zinga, gauni lake la kitenge cha njano limemkaa kama alizaliwa nalo, futi ya kupimia inaning'inia shingoni mithili ya mkufu. Upande wa pili alilivuta Mgeni, kijana mrefu mwenye fulana nyeupe na miwani ya jua aliyoivaa kichwani, pale ambapo jua halimsumbui mtu macho.

"Kaka, nimeanza mimi."

"Umeanza kushika. Kuona, nimeanza mimi. Hili nimeliona tangu liko Ulaya."

"Unalitakia nini?"

"Kufunika spika zangu. Vuli inabisha hodi."

"Spika!" Mwanamvua alishika kiuno. "Mahameli kama haya ukayavishe maspika? Huna hata imani?"

"Spika zangu ndizo zinazonilisha, mrembo. Nina bajaji ya matangazo. Harusi, msiba, mpira, mbuzi aliyepotea, yote mimi. Haya, wewe una dirisha kubwa kiasi gani?"

"Sina dirisha. Namshonea joho nabii Hosea. Tuna igizo kwenye kigango chetu, sikukuu ya mtakatifu somo wetu."

"Hosea yupi huyo?"

"Aliyeoa mke asiyetulia, Gomeri. Mke akamkimbia, na yeye akamfuata. Vijana wote wa kigango wamekataa kumwigiza. Wanaona aibu kuwa mume wa mwanamke wa namna hiyo."

"Na mke anaigiza nani?"

"Mimi."

Mgeni aliliachia pazia taratibu, kama anayemlaza mtoto. "Chukua. Ila na mimi nakuja pamoja nalo. Hosea amepatikana."

Watu wengine huitwa na Mungu kwa ndoto, wengine kwa maradhi. Huyu aliitwa kwa pazia la mtumba, na tusimcheke sana. Wako walioitwa kwa sauti kubwa zaidi na hadi leo hawajaitika.

Wiki iliyofuata Mgeni alisimama kwenye kibanda cha Mwanamvua pale Zinga, kando ya barabara kuu, mikono ameitanua kama anayezuia gari, akipimwa.

"Tulia basi. Unapumua kama umekimbizwa."

"Si wewe umenikaribia? Hayo ni manukato gani?"

"Sabuni ya kufulia. Geuka."

Aligeuka. Mwanamvua alimpima mabega, akaandika kwa chaki mezani, akasahau, akampima tena. Fundi wa miaka yote hiyo, kipimo cha mabega kikamponyoka! Kwenye benchi la mlangoni alikuwa ameketi shangazi yake, Hafidha, ushungi wake wa kijivu umetulia kichwani, akimenya mihogo yake ya kuuza. Familia yao ilikuwa ya pwani hasa: upande huu Ijumaa, upande ule Jumapili, na sufuria la futari ni la wote.

"Mwanamvua," alisema Shangazi bila kuinua macho, "mabega ya huyo kijana yanakua kila ukiyapima?"

"Shikamoo, shangazi," Mgeni alijitetea.

"Marahaba. Na wewe acha kujitanua, utapasua kibanda."

Mazoezi yalifanyika uwanjani pa kigango, chini ya uongozi wa Katekista Bwanausi, mzee mwembamba mwenye sauti ya upole na kikohozi cha kudai haki yake. Hakuwa na karatasi za maneno. Desturi yake ilikuwa kuwasomea waigizaji Maandiko, kisha kuwaambia: semeni kama mnavyosema nyumbani.

"Hosea ni mfano," aliwaeleza. "Mungu ndiye mume, watu wake ndio mke. Agano lao ni ndoa. Wakifuata miungu mingine ni uzinzi. Mpaka mtoto wa Hosea akapewa jina la uchungu, Si Watu Wangu. Yaani kuanzia sasa, siwajui."

Kijana mmoja wa kwaya akacheka. "Lakini Mwalimu, wanawake kweli..."

"Wanawake nini? Nimesema mke ni taifa zima, wenye ndevu na wasio na ndevu. Gomeri ni mimi. Gomeri ni wewe unayecheka." Akakohoa. "Watu wakisoma pale husikia hasira. Mimi nasikia mtu aliyeumia. Haya, Hosea, mwite mkeo."

Mgeni akamwita. Alimwita vizuri hata mama waliokuja kufagia kanisa wakaegemea fagio zao. Aliita kwa ile sauti yake ya kazi, pana na yenye sukari, na Mwanamvua aliyetakiwa aendelee kukimbia alijikuta amesimama.

"Gomeri, bado hujatubu!" alikemea Katekista. "Kimbia kwanza!"

Wakapendana. Niseme nini zaidi? Simu zilianza alfajiri.

"Umeamka, mamii?"

"Nimeamka. Ulikuwa unataka kunitangazia nini?"

"Natangaza kwamba kumepotea moyo wa kijana mmoja, mkazi wa Bagamoyo mjini, mara ya mwisho ulionekana Zinga kwenye kibanda cha cherehani. Atakayeuona asiurudishe."

"Kichaa wewe!" alicheka Mwanamvua, na sindano ikamchoma kidole, na hakusikia.

Wazee wa Mgeni walikwenda kuposa, wakakubaliwa. Joho lilipokamilika, lilikuwa limeshonwa kwa mishono midogo midogo ya mtu anayemshonea wake. Jumapili ya kwanza Katekista alisimama mbele akasoma tangazo la ndoa, kama ilivyo desturi, Jumapili tatu mfululizo: "Kasiani Mgeni na Perpetua Mwanamvua wanakusudia kufunga ndoa. Mwenye kujua kizuizi aseme." Kanisa zima liligeuza shingo. Mwanamvua alitazama viatu vyake akitabasamu kama ndiyo kwanza vimenunuliwa.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyojichimbia shimo.

Katikati ya wiki, Mgeni aliitwa Mkange kuwa mshereheshaji wa harusi. Bajaji ikavuka Makurunge, ikavuka mto Wami, ikaingia Mkange imejaa vumbi na fahari. Harusi ilichangamka: ngoma, pilau, na kina mama kwa sare za kijani na zambarau. Lakini tuzo zilikuwa zinakuja kwa kusuasua. Na washereheshaji wana dawa yao ya kuwasha ukumbi, nao huitumia kama mpishi anavyotupia pilipili.

"Mabibi na mabwana!" Mgeni alinguruma kwenye maiki. "Mshereheshaji wenu hana mke! Hana mchumba! Hana hata wa kumuuliza kama amekula! Mwenye huruma asimame!"

Vigelegele! Wanawake walimiminika na noti. Miongoni mwao alikuja Nadhira, deraa la kijani, hina mpaka kwenye viwiko, mwendo wa mtu anayejua anatazamwa.

"Ewe wa deraa la kijani," alisema Mgeni, bado kwa spika, "hata namba ya simu ni tuzo."

Watu wakashangilia. Nadhira akampa.

Mpaka hapo mtu angeweza kusema ni kazi. Lakini kesho yake Nadhira alipiga, na Mgeni akapokea. Keshokutwa akapiga yeye. "Nilitaka kujua kama umeamka salama," alisema, na sauti ile ile pana yenye sukari ikafanya kazi ambayo haikutumwa. Hakuna alichokusudia. Ukiuliza walioanguka kisimani, hakuna hata mmoja aliyekusudia.

Jumapili ya pili tangazo likasomwa. Mchana wake kulikuwa na mazoezi. Mgeni aliunganisha simu yake na spika ili wapige muziki wa igizo, akamkabidhi Mwanamvua achague wimbo, yeye akaenda kuvaa joho. Simu ikaita. Mwanamvua, akidhani ni mteja wa matangazo, akapokea.

Na uwanja mzima ukasikia, kwa sauti safi ya spika mbili kubwa:

"Laazizi, mbona kimya tangu jana? Au umeshapata mtu huko?"

Kijana wa kwaya aliacha kutafuna. Mgeni alisimama mlangoni, mkono mmoja ndani ya joho, mmoja nje.

"Naomba kujua naongea na nani," alisema Mwanamvua, polepole.

"Mimi Nadhira wa Mkange. Wewe nani?"

"Mchumba wake. Tangazo letu la pili limesomwa leo asubuhi."

Sauti ya Nadhira ikarudi kwenye spika, haina tena utamu. "Dada yangu, nisamehe. Lakini mimi sikumnyang'anya mtu. Nimeambiwa kwa spika kuwa hana mke wala mchumba. Harusi nzima ni shahidi. Na kunipigia asubuhi kuuliza kama nimeamka, amenipigia mwenyewe."

Mwanamvua alikata simu. Akamwendea Mgeni, akamvua ule mkono mmoja wa joho.

"Mamii, ile ilikuwa kazi! Ni maneno ya kuchangamsha watu tu, kila mshereheshaji..."

"Na kumpigia asubuhi kumuuliza kama ameamka, hapo ulikuwa unamchangamsha nani?"

Mgeni aligeuka akatazama watu, akamsogelea.

"Mwanamvua, twende pembeni tuongee," alinong'ona. "Naomba unisamehe. Watu wanatusikia."

"Watu!" Macho yake yalijaa, lakini sauti haikutikisika. "Ulinikana kwa spika, Mgeni, halafu unaniomba msamaha kwa kunong'ona? Kule ulipaza sauti kijiji kizima kikasikia kuwa sipo. Jumapili ijayo Katekista akiuliza nani ana kizuizi, nitasimama mimi mwenyewe."

Akaondoka na joho lake begani.

Hakupokea simu. Mgeni alipiga asubuhi, alipiga mchana, alituma ujumbe wa sauti, na Mwanamvua, aliyezoea kucheka kabla hajamaliza kusikiliza, aliufuta bila kuufungua. Cherehani iliunguruma siku kutwa, nyuzi zikikatika. Alishona mkono wa kushoto wa gauni la mteja mahali pa mkono wa kulia, akaufumua, akaushona tena hapo hapo.

"Unamtaka au humtaki?" aliuliza Shangazi Hafidha.

"Namtaka, shangazi. Ndiyo maana naumia. Ningekuwa simtaki, ningemcheka."

"Basi umeshasema la kweli. Lingine ni lake yeye."

Jioni Katekista Bwanausi alipita, akanunua mhogo kwa Shangazi, akajifanya ndicho kilichomleta.

"Mwalimu, umekuja kunihimiza nisamehe," alisema Mwanamvua. "Kwamba hata Hosea alisamehe."

"Hapana, mwanangu. Hadithi ile haikuandikwa ili mwanamke avumilie mwanamume. Imeandikwa ili tujue Mungu anavyojisikia tunapomkana mbele za watu kisha tunamrudia kimyakimya gizani." Akamega mhogo. "Wewe wiki hii umejua. Mimi nimefundisha miaka yote kwa kusoma. Wewe umekaa upande wa Hosea. Utakaloamua, nitalipokea."

Jumapili ikafika. Padri alikuwa aje alasiri kwa misa ya sikukuu; kabla yake lingechezwa igizo, na mwisho wa igizo Katekista angesoma tangazo la tatu. Uwanja ulijaa. Viti vya plastiki, miavuli, kina mama wa kigango kwa vitenge vya sare, na Waislamu wa jirani waliokuja kutazama, Shangazi Hafidha mbele kabisa na kitambaa cha kujipepea. Kila mmoja alijua. Zinga yote ilijua.

Mgeni hakuwepo. Wala spika zake.

"Amekimbia," walisema watu. "Hosea katoroka, Gomeri kabaki!"

"Nitamwigiza mimi," alisema Katekista, akavaa joho alilolirudisha Mwanamvua. Liliburuzika chini kama shela la bibi harusi, na watoto wakacheka mpaka wakalala.

Mwanamvua alikuwa nyuma ya kanisa, amevaa gauni jekundu la Gomeri na bangili mpaka kwenye kiwiko. Simu yake ikaita. Namba asiyoijua.

"Dada, ni Nadhira. Namba nimeipata kwa watu, usikasirike. Huyu mtu wako yuko huku Mkange tangu alfajiri, uwanjani, palepale ilipokuwa harusi. Hebu sikiliza."

Kukawa na upepo, kisha, kwa mbali, sauti anayoijua kuliko sauti ya mama yake:

"...wananchi wa Mkange, nilisimama hapa nikasema sina mchumba. Nilisema uongo! Mchumba ninaye. Anaitwa Mwanamvua, fundi wa Zinga. Dada Nadhira nilimdanganya, namwomba radhi mbele yenu. Aliyenituza kwa sababu ya uongo ule aje achukue chake..."

"Anarudisha tuzo," alisema Nadhira, akicheka huku kama anataka kulia. "Na watu wanakataa, wanamwambia aendelee kusema. Dada, mimi ningekuwa wewe... lakini mimi siyo wewe. Anaondoka sasa."

Kwaya iliimba nyimbo zake zote, kisha igizo likaanza. Gomeri alikimbia, Katekista akamfuata akijikwaa kwenye mahameli, watu wakishangilia. Lakini kila bajaji iliyopita barabarani, Gomeri aligeuza kichwa. Simu za watu uwanjani zikaanza kulia.

"Yuko Makurunge! Shemeji yangu amemsikia!"

"Anatangaza mjini sasa hivi, karibu na soko!"

"Anasema nini?"

"Lile lile! Kwamba mchumba anaye!"

Hata Katekista aliacha kuigiza. Uwanja mzima ulitega masikio upande wa barabara, na kwanza ukasikika mkwaruzo, kisha honi, kisha bajaji yenyewe ikachomoza imebadilika rangi kwa vumbi, spika moja imelegea inaning'inia, watu wakiifuata kwa vigelegele kama vile imebeba maharusi.

Mgeni alishuka. Fulana nyeupe ilikuwa kahawia. Miwani kichwani haikuwepo. Aliingia mpaka katikati ya uwanja na maiki mkononi, akasimama mbele ya Mwanamvua, akafungua mdomo.

Ikatoka hewa tupu.

Alikohoa, akajaribu tena. Mkwaruzo. Sauti ya Mgeni, ile pana yenye sukari, ilikuwa imemwagika yote njiani, Mkange mpaka Zinga. Alipofika kwa mwenyewe haikubaki hata tone. Akaishusha maiki. Machozi yakachora michirizi miwili kwenye vumbi la uso wake, na hakuyafuta.

Mwanamvua alimgeukia Katekista. "Mwalimu, nipe hilo joho."

"Lakini wewe ni Gomeri..."

"Ulisema mwenyewe Gomeri ana ndevu."

Bwanausi akalivua haraka kuliko alivyowahi kuvua kitu chochote. Mwanamvua akalivaa juu ya gauni jekundu, mashada ya dhahabu yakamgusa miguu. Akachukua maiki mkononi mwa Mgeni.

"Uliondoka," alisema, na spika moja nzima ikaipeleka sauti yake mpaka barabarani. "Nilikupa nyumba moyoni mwangu, ukawaambia watu unalala nje. Nimekasirika wiki nzima, na hasira yangu ilikuwa halali yangu. Ulinipa jina, ukaniita Sina Mtu. Leo nimesikia Mkange, nimesikia Makurunge, nimesikia mjini, umelifuta jina hilo kila ulipopita. Haya. Na mimi nakuita mbele yao wote. Wewe ni wangu. Rudi nyumbani."

Shangazi Hafidha ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, Wakristo wakafuata.

Katekista Bwanausi alipangusa macho, akakohoa kile kikohozi chake, akafungua daftari la matangazo. "Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Kasiani Mgeni na Perpetua Mwanamvua wanakusudia kufunga ndoa. Mwenye kujua kizuizi..."

Mwanamvua akanyoosha mkono.

Vigelegele vikakatika katikati. Mgeni alimkodolea macho.

"Kizuizi sina," alisema Mwanamvua. "Nina sharti. Kwenye harusi yangu, mshereheshaji awe mtu mwingine."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Hata padri, aliyekuwa amefika na kusimama getini bila kuonwa na mtu, alishika mbavu zake. Mgeni alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayekubali madeni yote ya ukoo. Kisha akainama sikioni kwa Mwanamvua, akajaribu kusema kitu kwa pumzi ile kidogo iliyobaki.

Mwanamvua alizima maiki.

"Sasa," alisema, akimfunika nusu ya joho, "sasa unaweza kuninong'oneza."